Kisukari cha Paka: Mwongozo Kamili wa Kukituliza kwa Chakula na Vipimo

Ujumbe ninaoupata kutoka kwa wafugaji wa paka wa Unguja na Pemba unafanana kama mapacha. Paka ana kisukari, anachomwa insulini wiki ya saba sasa, bado anamaliza bakuli la maji kila baada ya muda, na mwenyewe anauliza kama iko insulini kali zaidi. Nikimuuliza paka anakula nini, jibu ni "samaki, na wali kidogo." Nikimuuliza sukari ya jana asubuhi ilikuwa ngapi, hajui. Mara ya mwisho ilipimwa siku ile ya kwanza kwa daktari.

Insulini yao haina kosa. Kinachowakwamisha ni wanga kwenye kibakuli na damu ya sikio isiyopimwa sukari. Mimi nilikwama hapo hapo na Chongo, dume langu la jicho moja, kwa miezi miwili mizima. Kwa hiyo hapa nimeweka kipimo kabla ya chakula, na chakula kabla ya sindano. Mpangilio huo una sababu: paka anayechomwa insulini akiondolewa wanga ghafla bila kupimwa, sukari inaweza kuporomoka na kumuua usiku mmoja.

Ninaposema kisukari "kimetulia" nakusudia hivi: sukari ya paka imebaki ya kawaida kwa wiki 4 au zaidi bila insulini yoyote. Si kila paka hufika hapo. Wanaofika wengi ni wale walioanza matibabu mapema, ndani ya miezi 6 ya mwanzo, sukari ikashikwa vizuri na wanga ukaondolewa. Asiyefika bado anaweza kuishi miaka ya raha na sindano zake mbili kwa siku.

Dozi huandikwa na daktari wa mifugo. Namba nilizoweka hapa ni za kukusaidia kuzungumza naye ukiwa na daftari mkononi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Mashine ya kupimia sukari na vijiti vyake. Ya binadamu inafaa. Kwa damu ya paka husoma chini kidogo kuliko hali halisi, lakini ukitumia mashine ile ile kila siku utaona mwenendo. Zipo zilizotengenezwa kwa wanyama, kama AlphaTrak, ila ni za kuagiza. Ushauri wangu: chagua mashine ambayo vijiti vyake vinauzwa duka la dawa la karibu nawe. Mashine nzuri isiyo na vijiti haikusaidii kitu.

Sindano ndogo za kutobolea. Zile nyembamba mno za kidole cha mtu hazitoi damu ya kutosha kwenye sikio la paka. Tafuta za unene wa geji 28 au 26.

Mabomba ya insulini yanayolingana na insulini yako. Hapa soma taratibu, kwani ndipo ajali nyingi hutokea. Insulini ya binadamu karibu yote ni U-100, yaani yuniti 100 katika mililita moja. Baadhi ya insulini za wanyama ni U-40. Kila moja ina bomba lake: kwa kawaida kifuniko cha rangi ya machungwa ni cha U-100, chekundu ni cha U-40. Ukivuta insulini ya U-100 kwa bomba la U-40, paka anapata mara mbili na nusu ya dozi.

Kuna na mtego wa pili. Bomba la mililita 1 mara nyingi lina mstari mmoja kwa kila yuniti 2. Paka wengi huanza na yuniti 1. Huwezi kukisia nusu ya mstari asubuhi na jioni ukapata kiasi kile kile. Ulizia bomba la mililita 0.3, likiwa na alama za nusu yuniti ni bora zaidi.

Vijiti vya mkojo vinavyoonesha sukari na ketoni (kemikali inayotoka mwili unapochoma mafuta badala ya sukari) pamoja.

Mizani mbili: ya jikoni ya gramu kwa chakula, na ya kumpimia paka. Wa kwangu nampima ndani ya kapu kwenye mizani ya kuning'iniza, kisha natoa uzito wa kapu.

Asali au glukosi, iwekwe mahali ambapo kila mtu wa nyumbani anapajua. Ongeza pamba, mafuta ya Vaseline, soksi safi, na daftari la mistari.

## Hatua ya 1: Hakikisha kweli ni kisukari

Dalili zinazojulikana ni nne: kunywa sana, kukojoa sana, kula sana, na kukonda juu ya kula huko. Wanaopatwa zaidi ni madume waliohasiwa, wazito, waliokwishapita umri wa ujana. Dalili ya tano huonekana kwa waliochelewa: paka anatembelea visigino vya nyuma, kama aliyechoka, kwa sababu mishipa ya fahamu ya miguu imeathirika.

Kwa Chongo aliyegundua si mimi, ni sisimizi. Alikuwa akikojoa pembeni mwa ua, kwenye mchanga, na kila asubuhi kulikuwa na mstari wa sisimizi kutoka ukutani hadi pale pale. Mkojo wa paka asiye mgonjwa hauwaiti hivyo.

Hata hivyo, usikubali kuanzishiwa insulini kwa kipimo kimoja cha damu kilichochukuliwa paka akiwa amebanwa mezani, anatetemeka. Hofu peke yake hupandisha sukari ya paka, wakati mwingine hadi 16 mmol/L (ndicho kipimo cha namba zote za sukari humu) au zaidi, hali paka hana kisukari. Sukari ya kawaida akiwa ametulia ni kati ya 4 na 8 hivi.

Njia mbili za kuhakikisha:

- Mwombe daktari kipimo cha fruktosamini, kinachoonesha hali ya sukari ya wiki mbili tatu zilizopita. Si kila maabara inacho.
- Pima mkojo nyumbani, paka akiwa hana wasiwasi. Akishachutama, mtelezeshee upawa wa zamani kwa nyuma, chovya kijiti, soma kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Sukari ikionekana kwenye mkojo wa nyumbani siku mbili tatu mfululizo, hiyo si hofu.

Tahadhari. Kijiti kikionesha ketoni, na paka anatapika, hali chakula au amelegea, usisubiri asubuhi. Mwili wake umeanza kuchoma mafuta na damu inageuka tindikali. Ni dharura.

Mweleze daktari pia dawa zote alizopewa karibuni, hasa sindano za kuzuia kuwashwa zenye steroidi. Hizo zinaweza kuleta kisukari zenyewe. Mwambie aangalie meno na mkojo: jino bovu na maambukizi ya kibofu huifanya insulini isifanye kazi, hata ukiongeza vipi.

## Hatua ya 2: Jifunze kupima sikio, kabla ya sindano ya kwanza

Tumia wiki nzima hapa. Najua unataka kukimbilia dawa, lakini daktari akishaona paka anakula na hana ketoni, siku chache za mazoezi zinakwenda sambamba na maandalizi mengine.

Siku mbili za mwanzo usitoboe. Chagua sehemu moja, kwangu ni juu ya jamvi karibu na dirisha, mkalishe, mshike masikio, mpe kipande cha kuku cha kuchemsha, mwachie aende. Siku ya tatu ongeza joto: jaza soksi mchele mkavu, ipashe, ihakikishe kwenye mkono wako kwamba haichomi, iweke juu ya sikio nusu dakika. Sikio lenye joto hutoa damu, lililo baridi halitoi.

Kisha:

1. Mpake utando mwembamba wa Vaseline kwenye ukingo wa nje wa sikio. Damu hukaa kama ushanga, haienei kwenye manyoya.
2. Mulika tochi ya simu kwa nyuma. Utaona mshipa mwembamba kama uzi unaopita kando ya ukingo. Lenga baina ya mshipa na ukingo. Mshipa wenyewe usiuchome.
3. Weka pamba upande wa pili wa sikio ili usijitoboe kidole. Toboa mara moja, kwa uhakika.
4. Tone la ukubwa wa kichwa cha kibiriti linatosha. Sogeza mashine kwenye damu, kijiti kitafyonza chenyewe.
5. Bana kwa pamba hadi nusu dakika. Ukiruka hili, sikio litavilia damu, na kesho atakukimbia.
6. Kuku. Kila mara, hata ukishindwa kupata damu.

Ukishindwa mara mbili, acha, jaribu baada ya saa moja.

Umefaulu pale unapopata namba ndani ya dakika mbili bila mtu wa kukushikia. Chongo alifika mahali akisikia kikopo cha vijiti kinatikiswa anakuja mwenyewe.

## Hatua ya 3: Ondoa wanga kwenye kibakuli

Hapa ndipo penye kazi kubwa.

Paka ni mla nyama. Mwili wake hutengeneza nguvu kutokana na protini na mafuta, na hauna mbinu nyingi za kushughulikia wanga. Kila kijiko cha wali, boflo, ugali au biskuti kavu za paka humwaga sukari ambayo kongosho lake lililochoka, lile linalotengeneza insulini, haliwezi kuifuata. Ukiutoa wanga, kongosho linapumzika, na kupumzika huko ndiko kunakolipa nafasi ya kufanya kazi tena.

Lengo: wanga usizidi asilimia 12 ya kalori zote.

Paketi nyingi hazikuandikii wanga. Utautafuta hivi. Jumlisha protini, mafuta, nyuzi, majivu na maji yaliyoandikwa, toa kwenye 100. Kinachobaki ni wanga. Kisha zidisha protini kwa 3.5, mafuta kwa 8.5, wanga kwa 3.5, upate kalori.

Mfano wa kopo la chakula laini: protini 11, mafuta 5, nyuzi 0.5, majivu 2, maji 80. Jumla 98.5, wanga ni 1.5. Kalori: 38.5, 42.5 na 5.25, jumla 86.25. Wanga ni asilimia 6. Linafaa.

Mfano wa biskuti kavu: protini 30, mafuta 12, nyuzi 3, majivu 8, maji 10. Jumla 63, wanga 37. Kalori: 105, 102 na 129.5, jumla 336.5. Wanga ni asilimia 38 na zaidi. Hata paketi iandikwe maneno gani mazuri, hii haimfai mgonjwa wetu.

Kopo lenye vipande ndani ya mchuzi mzito liogope kidogo, kwani mchuzi ule mara nyingi umeshikizwa kwa unga. La nyama iliyosagwa na kushikana huwa salama zaidi. Jodari wa kopo wa kuliwa na watu si chakula kamili cha paka.

### Kama makopo hayapatikani au mfuko haukuruhusu

Wengi wetu tuko hapo, na shamba Pemba ndiyo kabisa. Kuku ndiye msingi mzuri: mapaja bila mifupa, moyo wa kuku kwa wingi, ini kidogo tu. Chemsha kwa maji machache na umpe na supu yake, kwani taurini, ambayo moyo na macho ya paka haviwezi kukaa bila hiyo, huyeyukia kwenye maji. Nyama tupu haina kalisi ya kutosha: saga ganda la yai lililokaushwa liwe vumbi, nusu kijiko cha chai kwa nusu kilo ya nyama.

Hicho bado si chakula kamili cha mwaka mzima. Mpe daktari orodha yako akuongezee vitamini na taurini.

Paka wa kilo 4 huhitaji kiasi cha kalori 200 kwa siku. Mnene apunguzwe taratibu, kati ya nusu asilimia na asilimia moja ya uzito kwa wiki. Kwa paka wa kilo 6 ni gramu 30 hadi 60 tu. Usimfungishe ili akonde. Paka mnene akikaa siku chache bila kula, mafuta hujaa kwenye ini na anaweza kufa.

### Samaki, kwa vile tuko visiwani

Samaki hana wanga, na kwa kisukari si adui. Lakini ana masharti. Baadhi ya samaki wakiliwa wabichi huharibu vitamini B1 mwilini. Kupika kunaondoa tatizo hilo. Jodari kila siku, peke yake, huleta ugonjwa wa mafuta ya mwili. Ng'onda na dagaa wa kuchemshwa na chumvi wana chumvi mno. Mfupa uliopikwa humchoma utumbo.

Na kikubwa kuliko vyote: mtolee fungu lake kabla hujatia viungo. Kitunguu maji na kitunguu thomu, kibichi au kilichopikwa, huvunja chembe nyekundu za damu ya paka.

### Majirani

Paka wa kwetu ana nyumba tano. Miezi yangu miwili ya kushindwa na Chongo ilikuwa hivi: mimi nampimia gramu, na yeye saa nne asubuhi yuko barazani kwa bibi wa jirani. Nilipomfuata kumwuliza, alinishangaa.

"Mwanangu, nimtazame tu analia? Namtilia wali konzi moja, na mchuzi juu."

"Bibi, ana sukari. Kama ile ya marehemu babu."

Alinyamaza. Kuanzia siku ile akawa ananiwekea nyama ya kuku iliyochemshwa, bila mifupa, na ndiye aliyewakataza watoto wa uchochoro mzima. Kwa hiyo nenda nyumba kwa nyumba, sema neno "sukari", kila familia inalijua. Kama hutaweza, mfungie ndani miezi mitatu ya mwanzo.

Tahadhari kubwa. Kama paka ameshaanza insulini, usibadilishe chakula kabla ya kumwambia daktari. Wanga ukitoka, haja ya insulini inaweza kushuka sana ndani ya siku chache, na dozi ya jana ikawa sumu ya leo. Badilisha kwa siku 7 hadi 10, robo kwa robo, ukipima kabla ya kila sindano na mara moja katikati ya mchana.

Umefaulu pale maji anayokunywa yanapopungua. Huonekana kabla hata mashine haijakwambia.

## Hatua ya 4: Sindano na utunzaji wa insulini

Insulini inayopendekezwa sana kwa paka ni ya muda mrefu, glargine, mara mbili kwa siku. Insulatard hupatikana kwa urahisi zaidi lakini kwa paka huisha nguvu mapema, wakati mwingine kabla hazijatimia saa 12 tangu sindano. Insulini za mchanganyiko kama Mixtard, zenye sehemu ya haraka ndani yake, usimpe kwa kukisia, hata kama ndiyo iliyomo kwenye friji ya mama.

Dozi ya kuanzia huwa yuniti 1 mara mbili kwa siku, na haizidi 2.

Choma ubavuni, ukibadilisha upande. Inua ngozi ifanye hema dogo, ingiza sindano chini ya hema kwa mshazari, sukuma, toa. Kisha gusa manyoya: yakiwa na majimaji, dawa imemwagika nje.

Imemwagika? Usichome tena. Huna hakika kama umechoma au mwenzio keshachoma? Usichome tena. Sukari ikikaa juu kwa saa 12 haimuui. Dozi mbili zinaweza.

Glargine ni angavu, haitikiswi wala haichanganywi na kitu. Ya rangi ya maziwa, kama Insulatard, ivingirishe taratibu baina ya viganja. Chupa ikae friji, mbali na barafu, kwani insulini iliyoganda imekufa. Umeme ukikatika saa kadhaa usihofu. Ukikatika siku nzima wakati wa kaskazi, funga chupa kwenye mfuko mkavu, uiweke kivulini karibu na mtungi wa maji. Glargine iliyofunguliwa huvumilia siku 28 chini ya nyuzi 30. Ukivuka kwa boti kutoka Pemba, itie kwenye chupa ya chai yenye barafu, ikiwa imezungushiwa taulo isigusane nayo.

Sindano zilizotumika zitie kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko, uzipeleke kituo cha afya. Jaani wanacheza watoto.

### Dawa za kujitungia

Usimpe vidonge vya kisukari vya mtu. Usimpe Panadol kwa maumivu yoyote, hata kipande, paka hufa. Na kwa wenzangu wa Pemba: mafuta ya karafuu tunayojichulia, na kuyatia jinoni, ini la paka haliwezi kuyachuja. Yasimkaribie.

## Hatua ya 5: Ratiba isiyoyumba

Pima, lisha, choma. Mpangilio huo, kila baada ya saa 12.

Sisi tuna bahati ya jua. Karibu na ikweta, kuchomoza na kutua kwake hupishana karibu saa 12 mwaka mzima. Choma jua linapochomoza, na jioni kwenye adhana ya Magharibi. Usichukue Alfajiri kuwa saa yako ya asubuhi: kutoka Alfajiri hadi Magharibi ni zaidi ya saa 13.

Ramadhani ndiyo mwezi ambao watu huharibu kazi ya nusu mwaka. Magharibi nyumba nzima iko kwenye futari. Pima na umlishe robo saa kabla ya adhana, uchome, kisha ukae na wenzako kwa utulivu. Na waambie watoto: tambi, mihogo na ndizi za nazi ni za watu.

Kabla ya kila sindano angalia mambo mawili. Amekula? Namba ni ngapi? Kama hakula au ametapika, mpigie daktari kwanza. Kama namba iko chini ya 10 na wewe bado mgeni wa kazi hii, usichome kabla hujazungumza naye.

## Hatua ya 6: Chora mkondo wa siku

Mara moja kila wiki au wiki mbili, pima kila baada ya saa 2 kuanzia sindano ya asubuhi hadi ya jioni. Andika saa, namba, alichokula.

Unatafuta namba ya chini kabisa ya siku. Ikiwa kati ya 4.5 na 8, dozi iko sawa. Ikiwa haishuki chini ya 10 siku nzima, mpelekee daktari daftari. Ikishuka chini ya 4.5, dozi lazima ipungue.

Dozi hupandishwa nusu yuniti, yuniti moja kwa nyingi, na si kabla ya siku 5 hadi 7. Insulini ya muda mrefu huchukua siku kadhaa kuonesha nguvu yake. Anayepandisha kila siku anafukuza namba ya juzi.

Dozi ikifika yuniti 5 au 6 kwa mara moja na sukari haijashuka, sababu nyingine ipo: jino, kibofu, kongosho lililovimba, uvimbe wa homoni ya ukuaji, au baraza la mtu.

## Hatua ya 7: Sukari ikiporomoka

Bandika hii ukutani.

- Chini ya 3.5, anatembea vizuri: mpe chakula mara moja, na asali kidogo juu yake. Pima tena baada ya robo saa.
- Anayumba, anatetemeka, anakodoa macho, analia bila sababu: mpake asali kwenye fizi kwa kidole. Usisubiri mashine.
- Degedege au amezimia: asali kwenye fizi, chunga kidole chako, usimmiminie kitu kooni kwani kitaingia mapafuni. Kisha mbio kwa daktari.

Akizinduka bado hajapona. Insulini iliyomo mwilini itaendelea kufanya kazi kwa saa nyingi. Pima kila baada ya nusu saa hadi namba ikae, na sindano inayofuata isubiri neno la daktari.

## Hatua ya 8: Kushuka hadi sifuri

Utaona kwanza namba za kabla ya sindano zikiingia kwenye 8, 7, 6. Wengi hapa huogopa au hufurahi mno, wakaacha dawa siku hiyo hiyo. Mwombe daktari mshuke nusu yuniti kwa nusu yuniti, kila daraja siku 7 angalau, mkondo upimwe kila daraja. Ukifika nusu yuniti na namba bado ziko chini ya 8, insulini inasimama.

Kwa wiki 2 za mwanzo bila sindano pima asubuhi na jioni. Wiki mbili zinazofuata, mara moja kwa siku. Zikipita wiki 4 namba zikiwa za kawaida, kisukari kimetulia.

Chongo alifika wiki ya 13, kuhesabu tangu siku bibi alipoacha kumpa wali.

## Hatua ya 9: Baada ya kutulia

Chakula hakirudi nyuma, maisha. Hata konzi moja ya Idi. Pima sikio mara moja kwa wiki, uzito mara moja kwa mwezi, na mkatalie daktari yeyote sindano ya steroidi mpaka mjadili njia nyingine.

Wapo wanaorudiwa, na kurudiwa si kushindwa. Mwezi wa nane nikaona mstari wa sisimizi pale pale uani. Nikapima: 15. Nilimfungua mdomo, gego la chini lilikuwa limeoza na fizi imevimba. Liling'olewa wiki hiyo, akarudishwa kwenye yuniti 1 asubuhi na jioni, na mwisho wa wiki ya tatu sindano ikaondoka tena.

Kwa hiyo bakiza kopo moja la vijiti ambalo halijafunguliwa, na uangalie tarehe yake ya mwisho kila unapompima uzito. La kwangu nililoliweka akiba lilikuwa limepitwa na siku 40, na usiku ule nililazimika kugonga milango mitatu kabla sijapata jingine.